Klachi ya Mazda Roadster Inavuja: Soma Dalili Kabla Hujashusha Giaboksi

Pedeli ya klachi imezama sakafuni na hairudi, gia haziingii, na fundi wa kwanza aliyefika ameshasema giaboksi lazima ishuke. Mwombe asubiri kidogo. Kwenye Mazda MX-5 za zamani, ambazo za kwetu nyingi zilitoka Japani kwa jina la Eunos Roadster au Roadster tu, ugonjwa wa klachi mara nyingi haumo ndani ya giaboksi. Uko kwenye masta ya juu (silinda ndogo inayosukumwa na pedeli), masta ya chini (silinda inayopokea mafuta hayo na kusukuma klachi) au hosi inayoziunganisha, na vyote vitatu hubadilishwa bila kushusha giaboksi. Wapo waliolipia seti nzima ya klachi na kazi yake, kisha pedeli ikazama tena baada ya siku chache, kwa sababu masta ya chini iliyochoka ilirudishwa palepale ilipokuwa. Hilo linaniuma, maana kipimo ambacho kingewaokoa kinahitaji rula na mtu mmoja wa kukanyaga pedeli.

Maelezo haya ni ya vizazi viwili vya mwanzo: cha kwanza, kilichozinduliwa Chicago Februari 1989 na injini ya lita 1.6 na baadaye ya 1.8, na cha pili kilichoanza 1998 na kuishia 2005. Mfumo wa klachi wa vizazi hivyo viwili ni wa aina moja.

Mafuta kidogo, kazi kubwa

Ukikanyaga pedeli, fimbo yake inasukuma pistoni ya masta ya juu, iliyofungwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini upande wa dereva. Mafuta ya breki yanashuka kwa bomba na hosi hadi masta ya chini, iliyo ubavuni mwa giaboksi upande wa kulia, nayo inasukuma uma wa klachi, yaani mkono wa chuma unaoifanya klachi iachie. Tundu la masta ya juu lina kipenyo cha milimita 15.87, yaani inchi 5/8. La chini ni milimita 19.05, yaani inchi 3/4. Kwa sababu la chini ni pana zaidi, nguvu ya mguu wako inazidishwa mara 1.44, lakini mwendo nao unapungua kwa uwiano huohuo.

Sasa piga hesabu. Ili fimbo ya chini isogee milimita 12, yanahitajika mafuta ya takriban mililita 3.4. Hayajazi hata sindano ndogo ya hospitali ya mililita 5. Kiputo kimoja cha hewa, au matone machache yanayopenya pembeni ya raba, yanakula sehemu kubwa ya mwendo huo, na klachi isiyo na kosa lolote inaonekana imekufa.

Mafuta yenyewe, ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4, hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka, na kwa gari linaloishi Mombasa, Tanga au Zanzibar unyevu huo si wa kutafuta. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango chake cha chini ni 140. Joto la kuchemka ni jambo la breki zaidi. Kwa klachi hasara ni kutu: maji na uchafu huishia mahali pa chini kabisa pa mfumo, yaani ndani ya masta ya chini, yakaitoboa kuta zake vishimo vidogo, na raba inayopita juu ya vishimo hivyo inachanika. Ndiyo maana ya chini hufa mara nyingi kuliko ya juu.

Kabla hujaingia chini

Roadster iko chini sana na huwezi kuingia bila kuinyanyua. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Gari likalie stendi zilizowekwa kwenye sehemu imara za bodi, kwenye sakafu ngumu, magurudumu ya nyuma yakiwa yamezuiwa. Tofali na mawe hupasuka bila kutoa onyo. Kama huna stendi, fanya ukaguzi wote wa juu, na wa chini mwachie mwenye stendi au shimo la gereji.

Mafuta ya breki yanachubua rangi ya gari na yanaunguza macho. Vaa miwani, funika fenda kwa kitambaa, na weka ndoo ya maji karibu. Yakimwagika kwenye rangi, mwagia maji mengi papo hapo. Usifute kwa kitambaa kikavu, utayasambaza.

Dalili: pedeli inazama hadi sakafuni

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na mara nyingi hutokea ghafla, katikati ya foleni.

Fungua boneti kwanza. Klachi ina kikopo chake kidogo cha plastiki juu ya masta, hakichangii na kile cha breki. Kikiwa kitupu au chini ya alama ya MIN, mafuta yamekwenda mahali, na kazi yako ni kupajua. Usiongeze mafuta na kuondoka.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni masta ya chini kuvuja. Iangalie kutoka chini: ina kofia ya raba pale fimbo inapotokea. Inua ukingo wa kofia hiyo kwa bisibisi butu. Yakitoka mafuta, hata kijiko kimoja, umempata mhalifu. Kofia huweza kuyashikilia mafuta kwa wiki kadhaa kabla hata tone moja halijafika chini, kwa hiyo sakafu kavu ya gereji si ushahidi wa kitu.

Sababu ya pili ni masta ya juu. Hii huvuja kwa njia mbili. Ya wazi ni mafuta kurudi nyuma kando ya fimbo na kuingia kwa dereva: piga tochi juu ya pedeli, pitisha kidole chini ya fimbo, papasa zulia. Rangi iliyovimba au kubanduka kwenye chuma chini ya masta inasema jambo hilohilo. Njia ya pili haionekani kwa macho. Raba ya ndani imechoka, mafuta yanapita pembeni ya pistoni na kurudi kwenye kikopo, hakuna tone linalotoka nje na kiwango hakipungui. Kuijua, kanyaga pedeli taratibu mno na uishikilie. Ikiendelea kuzama yenyewe polepole, au ukikanyaga kwa nguvu inashika na ukikanyaga kwa upole inazama, raba za juu zimekwisha.

Tatu ni hosi iliyopasuka au nati ya bomba iliyolegea. Hii inaonekana mara moja, kwa kuwa mafuta hutoka kwa kasi.

Ya mwisho ni adimu ila ni rahisi kuikagua: pini inayounganisha pedeli na fimbo imechomoka au imelika. Pedeli inakuwa nyepesi kabisa na kikopo kimejaa. Angalia hapo kabla hujanunua kitu.

Dalili: gia zinakataa injini ikiwaka, zinaingia ikizimwa

Rivasi ndiyo hulalamika kwanza kwa sauti ya kukwaruza, kisha namba moja inakuwa nzito. Maana yake klachi haiachii kikamilifu, na hapa ndipo maamuzi mabaya hufanywa. Fuata mpangilio huu.

Kagua kiwango na rangi ya mafuta. Mafuta mazuri ni ya manjano hafifu. Yakiwa meusi kama kahawa, raba inasagika humo ndani hata kama hakuna uvujaji bado.

Kisha pima mwendo wa fimbo ya masta ya chini. Gari likiwa juu ya stendi, injini imezimwa, gia huru na breki ya mkono imevutwa, mwambie mwenzako akanyage klachi hadi mwisho huku wewe umeweka rula kando ya fimbo. Isogee zaidi ya sentimita moja, na ibaki hapo bila kurudi kwa muda wote anaoshikilia pedeli. Kipimo hiki kinagawanya tatizo vipande viwili.

Ikisogea milimita 5 au 7 tu, au ikisogea kisha ikaanza kurudi yenyewe, ugonjwa uko kwenye mafuta: hewa, masta ya juu, masta ya chini au hosi. Giaboksi ibaki ilipo.

Ikisogea vizuri na kushikilia, lakini gia bado zinakwaruza, mfumo wa mafuta umefanya kazi yake na shida iko ng'ambo ya uma. Hapo washukiwa ni klachi pleti (sahani inayounganisha injini na giaboksi) iliyopinda, uma uliopasuka au kulika, au ile beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili (gurudumu zito nyuma ya injini) kukwama, ikawa inazungusha shafti ya giaboksi hata klachi ikiwa imeachia. Hii sasa ni kazi ya kushusha giaboksi, na ni halali kuilipia. Simama hapo, mwite fundi mwenye vifaa.

Kuna hali moja ya katikati. Gari lililoegeshwa miezi mingi mahali penye unyevu huweza kugandisha klachi pleti kwenye flaiwili kwa kutu. Fimbo inasogea sawasawa, ila gia hazitaki kabisa, na tatizo lilianza siku gari lilipowashwa baada ya kulala muda mrefu. Usijaribu kuibandua kwa kurusha gari kwa nguvu barabarani.

Dalili: ukipampu mara mbili tatu inakubali

Hewa. Kukanyaga mara kwa mara kunabana viputo na kuongeza mafuta, pedeli inapanda, gia zinaingia, kisha dakika chache baadaye imerudi ilikokuwa. Lakini hewa haijipeleki ndani ya mfumo uliofungwa. Kama hakuna aliyefungua kitu hivi karibuni, imepita kwenye raba ileile inayoruhusu mafuta kutoka, au kikopo kilikauka. Kutoa hewa peke yake kutakupa nafuu ya siku chache. Kama kazi ilifanyika juzi na dalili ni hii, basi hewa haikutolewa ikaisha. Nenda kwenye sehemu ya kutoa hewa hapa chini kabla hujailaumu spea mpya.

Dalili: kuna mafuta chini ya gari, lakini hujui ni ya nini

Swali hili linastahili muda wako, kwa sababu Roadster inapenda kuvuja kutoka mahali pengine panapoangukia palepale. Kwenye kizazi cha kwanza, nyuma ya kichwa cha injini kuna sensa ya kemshafti yenye oringi (raba ya duara ya kuzibia). Oringi hiyo ikikakamaa, mafuta ya injini yanateremka kwenye mgongo wa injini hadi juu ya giaboksi na kudondoka karibu na masta ya chini. Sili ya nyuma ya krankshafti nayo hudondosha eneo hilohilo. Wengi wamebadilisha masta nzima kwa sababu ya oringi ya bei ndogo.

Chukua tone kwenye kidole na ulitie katika glasi ya maji. Mafuta ya breki yanachanganyika na maji na kupotea. Mafuta ya injini na ya giaboksi yanaelea. Kisha safisha eneo lote, likaushe, endesha siku moja na urudi na tochi. Uvujaji husomwa kuanzia sehemu ya juu kabisa yenye unyevu, si pale tone linaponing'inia.

Dalili: pedeli ngumu, au inarudi kwa uvivu

Hapa fungua kikopo uangalie raba bapa iliyo chini ya kifuniko. Kama imevimba, imejikunja au imelainika na kunata, kuna mtu amemimina mafuta yasiyo ya breki: ya usukani, ya injini, ya giaboksi ya otomatiki. Raba za mfumo huu hazivumilii mafuta yanayotokana na mafuta ghafi ya ardhini. Zinavimba, zinaziba kitundu cha kurudishia mafuta, na pistoni inakwama.

Dawa yake si kumwaga na kujaza upya. Masta zote mbili na hosi zibadilishwe, na bomba la chuma lisafishwe kwa mafuta mapya ya breki. Tena uliza jambo moja zito: je, chupa hiyohiyo ilimiminwa pia kwenye kikopo cha breki? Kama ndivyo, au kama huna hakika, gari lisiendeshwe tena hata kwenda gereji. Lipakiwe juu ya gari la kubeba. Breki zilizoingia mafuta hayo huweza kung'ang'ania au kukosekana wakati unapozihitaji, na ukarabati wake ni wa fundi wa breki.

Kama raba ya kifuniko ni nzima, mshukiwa ni hosi. Hosi ya mpira ya miaka ishirini na zaidi huvimba au kubomoka kwa ndani huku nje ikionekana safi: mafuta yanapita yakisukumwa, lakini hayarudi upesi. Ishike huku mtu akikanyaga. Ukihisi inafutuka mkononi, imekwisha.

Dalili: injini inapanda mzunguko, gari haliongezi mwendo

Hii ni klachi kuteleza, na kwa kawaida haihusiani na uvujaji. Klachi pleti imelika, au imelowa mafuta ya sili ya nyuma ya injini. Kitu kimoja tu cha kukagua kabla ya kukubali: uchezo wa pedeli. Lazima kuwe na nafasi ndogo, milimita moja hadi tatu hivi, kabla fimbo haijagusa pistoni ya masta ya juu. Kama mtu aliirefusha fimbo ili "kuinua klachi" iliyokuwa inavuja, mafuta hayarudi yote kwenye kikopo na klachi inabaki imekanyagwa nusu muda wote. Legeza nati ya kufungia, rudisha uchezo, jaribu tena.

Kurekebisha fimbo ili kuficha uvujaji ni tabia iliyoenea, na inaua klachi pleti ambayo ingeishi miaka mingi.

Moja au zote mbili?

Mimi hubadilisha zote mbili kwa pamoja kwenye gari la umri huu, na hosi pia. Raba za juu na za chini ni za rika moja. Ukiweka ya chini mpya, ya juu iliyochoka ndiyo itakayofuata, na utakuwa umefanya kazi ya kutoa hewa mara mbili. Kama mfuko haukuruhusu, anza na ile uliyoithibitisha kwa macho.

Kuhusu seti ya raba pekee: madukani Kirinyaga Road au Kariakoo utapewa seti za inchi 3/4 na 5/8 kwa bei nafuu mno. Zinafaa endapo tundu la silinda ni laini kabisa. Toa pistoni, safisha, kisha pitisha ukucha ndani. Ukucha ukikwama popote, au ukiona madoa meusi yasiyofutika, raba mpya itachanika mapema. Nunua masta nzima. Ukiridhika na silinda, paka raba mafuta safi ya breki, kamwe usipake grisi ya kawaida, na midomo yake ielekee upande wa mafuta. Petroli haiguswi katika usafi huu.

Dukani nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha kipenyo, nafasi ya matundu ya bolti, uzi wa bomba na urefu wa fimbo. Masta iliyokaa rafu miaka kumi ndani ya boksi zuri ina raba zilizokauka, kwa hiyo sukuma pistoni kwa kidole uone kama inarudi laini.

Kubadilisha masta ya chini

Nyunyizia mafuta ya kulegezea kutu kwenye nati ya bomba na kwenye bolti usiku wa kuamkia kazi. Nati ya bomba ni namba 10 na ni laini. Spana ya kawaida, iliyo wazi mbele, huivunja kona zake. Tumia spana ya mabomba, ile inayokumbatia nati karibu pande zote. Legeza nati kidogo wakati masta bado imefungwa kwenye giaboksi, maana ikishakuwa huru huna pa kuishikilia.

Kisha toa bolti mbili zenye vichwa vya namba 12, malizia kufungua bomba ukiwa na chombo chini, na uzibe ncha ya bomba ili uchafu usiingie. Angalia kibakuli cha uma ambamo fimbo hukaa. Kikiwa kimelika kikatoboka, au uma unatikisika kama uliopasuka, simama. Masta mpya haitatibu hilo.

Paka grisi kidogo sana kwenye ncha ya fimbo. Anza kukaza nati ya bomba kwa vidole kabla ya kufunga bolti za masta, kwa sababu masta ikishabanwa ni vigumu uzi kuingia sawasawa, na uzi uliopindishwa kwenye silinda mpya ni hasara kamili. Vidole vikikataa, usilazimishe kwa spana. Bolti hukazwa kiasi, karibu Nm 20 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Bodi ya giaboksi ni aluminiamu.

Kubadilisha masta ya juu

Nyonya mafuta kwenye kikopo kwa sindano kabla ya kufungua chochote. Fungua bomba, toa pini ya pedeli ukiwa umelala kifudifudi au chali miguuni pa dereva, na hapa pana ubanaji wa kweli kwa mtu mwenye mabega mapana. Masta imeshikwa na nati mbili. Kagua pande zote mbili za ukuta kabla ya kuvuta, ili usije ukapindisha chuma kwa sababu ya nati iliyojificha.

Kabla ya kuifunga mpya, ibane kwenye jiriwa, ijaze mafuta, sukuma pistoni taratibu huku umeziba tundu la kutokea kwa kidole, na uachie hewa itoke hadi viputo viishe. Hatua hii inapunguza sana mateso ya baadaye. Ukishaifunga, weka uchezo wa pedeli kama nilivyoeleza hapo juu.

Kutoa hewa bila kukata tamaa

Nipeli (skrubu ya kutolea hewa) ya masta ya chini ni namba 8. Vesha mrija mwangavu, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mwenzako akanyage taratibu hadi chini na kusema "chini". Fungua nipeli robo mzunguko, yatoke, funga, kisha ndipo aachie pedeli. Akiachia nipeli ikiwa wazi, hewa inarudi yote. Pedeli ikibaki sakafuni mwanzoni, aivute kwa mkono au kwa mgongo wa kiatu.

Kikopo ni kidogo na kinakauka upesi. Jaza kila baada ya mikanyagio minne au mitano. Tumia mafuta ya chupa iliyofunguliwa siku hiyo. DOT 3 na DOT 4 zinakubaliana. DOT 5 ya silikoni haichanganywi na yoyote kati ya hizo.

Kuna nyakati viputo vimekoma kabisa na pedeli bado ni laini. Hewa imejificha mahali ambapo mkondo mdogo wa mafuta hauwezi kuifikia. Fungua bolti mbili za masta ya chini bila kufungua bomba, igeuze nipeli itazame juu, kisha sukuma fimbo ndani kwa mkono, polepole, hadi mwisho, kifuniko cha kikopo kikiwa kimelegezwa. Utaona viputo vikipanda kwenye kikopo. Iache fimbo itoke taratibu, rudia mara kadhaa, funga bolti, kisha toa hewa tena kwa njia ya kawaida. Masta ikiwa imefunguliwa, mtu yeyote asiguse pedeli: pistoni itaruka nje, na utaanza upya.

Ukimaliza, pima tena mwendo wa fimbo kwa rula ileile. Kanyaga na ushikilie kwa dakika moja, pedeli isizame. Jaribu rivasi injini ikiwa imepata moto. Weka kadibodi safi chini ya giaboksi usiku kucha, na baada ya siku chache inua tena kofia ya raba ya masta ya chini ukague kama ni kavu.

Likikuzimikia njiani

Wenye uzoefu huweza kuendesha bila klachi kwa kuwasha gari likiwa ndani ya gia na kubadilisha kwa kulinganisha mzunguko wa injini. Kwenye Thika Road au Morogoro Road ya jioni usifanye hivyo, kwa sababu kila unaposimama gari lazima lizimwe, na likiwashwa linaruka mbele hapohapo kukiwa na bodaboda na watembea kwa miguu. Kama kikopo ni kitupu na una chupa ya mafuta ya breki, jaza, pampu, na kama pedeli imepanda nenda moja kwa moja gereji ya karibu. Ikizama tena, ita gari la kubeba, la kulipakia juu, si la kulivuta kwa kamba.

Vilevile mwachie fundi kazi pale nati ya bomba ilipoviringika na kupoteza kona, bomba la chuma lilipopasuka, au uzi wa bodi ya giaboksi ulipotoka na bolti. Kila moja ina dawa, lakini ni dawa zenye vifaa maalumu, na bomba lililoungwa kwa mpira na klipu halistahimili shinikizo la mfumo huu hata siku moja.